Damu Isiyo na Mwenyewe

Alhamisi, 6 Februari

Dada,

Shikamoo. Barua hii anakuletea dereva wetu wa masanduku, yule mrefu anayeinama kila mlangoni hata pasipo na haja. Kila Alhamisi anazunguka vituo kukusanya damu na kutuletea huku maabara, na amekubali kuwa posta yetu. Najua utauliza kwa nini sikupigi simu. Simu yako huanza kupokelewa na mtoto, akaja shemeji, akaja jirani aliyekuwa anapita zake, na wewe ukija kuishika salio langu limebaki la kusema kwaheri. Haya ya leo si ya jirani.

Wiki ijayo manesi wetu wanakuja hapo kwenye karakana yenu ya kushona. Wanataka wanawake wa miaka thelathini hadi hamsini na tano. Kila mmoja atapewa kadi yenye namba, ataulizwa maswali machache, atatolewa damu chupa moja, basi. Tunachotafuta ni saratani ya mlango wa kizazi. Mpaka leo, kuitafuta lazima mwanamke apande kitandani aangaliwe kwa kile chuma, na wengi wakisikia habari ya kuvua hukumbuka ghafla kwamba wameacha chungu jikoni. Sisi tunataka kujua kama damu peke yake inaweza kutupa fununu. Mahali palipoharibika mwilini huachia vitu vidogo sana kwenye damu, na hivyo ndivyo tunavyopima. Bado ni utafiti. Usije ukawatangazia wenzako kwamba mdogo wako amegundua dawa.

Baadaye wengine wataitwa kituoni waangaliwe kwa njia ya kawaida. Wataitwa wale ambao damu yao imepanda, yaani vitu hivyo vimezidi, na pia wachache waliochaguliwa kwa kura tu, ili anayeitwa asijue ameitwa kwa lipi. Sisi wa maabara tunaona namba. Majina yamo kwenye kabati la Mkuu wetu wa maabara, na ufunguo anatembea nao shingoni.

Nakuomba ushiriki. Una miaka arobaini na sita na hujawahi kupimwa hata mara moja. Usiniambie una kazi za watu.

Mdogo wako,
Kitinda


Alhamisi, 20 Februari

Kitinda,

Marahaba, msomi wetu. Dereva wako kanywa glasi tatu za maji mfululizo, nikajua huko kwenu mnajua kutoa damu tu, maji hamna.

Manesi wamekuja. Wamekitwaa chumba chetu cha kupigia pasi, wakatundika shuka katikati liwe pazia, wakaanza kuita namba kama mnadani. Jina la mtu halikutajwa hata moja. Tulioandikishwa ni mafundi ishirini na watatu. Msimamizi alisimama mlangoni na saa yake, akilia kwamba sare mia mbili zinatakiwa Ijumaa na sisi tunakaa kugawa damu.

Kituko alikuwa Mama Vifungo, yule ninayekaa naye meza moja. Kutwa nzima ameshika sindano, anapachika vifungo kwa mkono haraka kuliko mashine, lakini alipoiona sindano ya nesi akarudi kinyumenyume. “Ile inaingia ndani, shoga yangu,” ananiambia. Nikamuuliza, kwani ya kwako huwa inaingia wapi? Tulicheka mpaka msimamizi akaja. Mwisho wa yote damu zikatoka, tukarudi kwenye vyerehani na pamba mikononi kama timu iliyofungwa.

Mimi nimetoa. Nimekutii kama mtoto. Kadi yangu ni 231.

Kuna mwenzangu mmoja hapa kaniomba nikuulize, maana nimekusifia mno. Umri wake kama wangu, hedhi bado anaiona. Sasa anatokwa na damu siku ambazo si zake, na pengine akishakuwa na mumewe. Anasema ni uchovu wa kukanyaga cherehani. Mimi pia nadhani ni uchovu. Nijibu ili nimtulize roho.

Dada yako


Alhamisi, 6 Machi

Dada,

Shikamoo. Naanza na huyo mwenzako. Mwambie si cherehani. Cherehani huumiza mgongo na miguu, haitoi damu huko. Inaweza kuwa jambo dogo kabisa, lakini asiamue yeye. Na asisubiri matokeo yetu, aende kituoni siku yoyote aseme hivyo hivyo alivyokwambia wewe. Ikibidi msindikize, umshike mkono. Mimi nitalala vizuri nikisikia amekwenda.

La pili sijui hata niliandikeje. Nimevunja amri ya kazi, nimeitafuta namba yako. Niliapa sitaitafuta, nikajikuta vidole vimeshaiandika kwenye kompyuta. Kadi 231 ipo, fomu ipo, kuna hata alama ya vema kwamba damu imetolewa. Chupa haipo. Kadi ishirini na tatu, chupa ishirini na mbili.

Sanduku lile nililifungua mimi, Dada. Ni mimi niliyezihesabu na kuweka sahihi kwamba zimetimia, maana siku hiyo tulikuwa na masanduku manne na nilihesabu huku nazungumza. Nimepekua jokofu la kwanza mpaka la mwisho, nimeangalia ndoo za taka, nimeinamia chini ya meza na tochi, mwenzangu akaniuliza kama nimedondosha hereni. Sioni kitu na sielewi kitu. Katika chupa elfu mbili nilizopokea mwaka huu, niliyoipoteza ni ya dada yangu. Ni nani atakayeamini?

Tafadhali, nenda kituoni utoe tena. Manesi wanakuwepo Jumanne. Chupa ikiletwa nitakuwa nimesimama mlangoni mwa maabara niipokee mwenyewe.

Nisamehe.
Kitinda


Alhamisi, 13 Machi

Mdogo wangu,

Usilie kwa ajili ya chupa. Kupotea kwa damu kidogo si kupotea kwa mtu. Nimekusamehe kabisa, tena kwa moyo mweupe, na nisingependa kusikia unapekua mapipa. Kutoa tena siwezi, tuna sare za shule moja na mapazia ya nyingine, na msimamizi ameanza kutuhesabia hata dakika za chooni. Iache hivyo hivyo. Andika imevunjika.

Yule mwenzangu nimemfikishia. Amesema ahsante, anajisikia nafuu.

Ila huku kuna msiba usio na maiti. Mama Vifungo ameitwa. Nesi alikuja mwenyewe na bahasha, na kabla haijafunguliwa mwenzangu alikuwa ameshakaa chini sakafuni. Sasa hali, halali. Juzi alileta karakana sufuria zake mbili nzuri akasema nichague moja kabla ndugu wa mume hawajafika. Wale pacha wake wana miaka tisa. Anashona kifungo, anakaa, anakitazama. Nimemwambia kwamba wengine wanaitwa kwa kura tu, wewe mwenyewe uliniandikia. Akanijibu, “Kura gani iniangukie mimi ambaye hata bahati nasibu ya harusi sijawahi kushinda sahani?”

Kitinda, nieleze vizuri maana nimechanganyikiwa. Hiyo damu inaweza kukosea? Inaweza ikapanda kwa sababu nyingine tu, kwa mfano mafua, au hasira, au mtu hakunywa chai asubuhi? Nauliza kwa ajili ya Mama Vifungo.

Dada yako


Alhamisi, 27 Machi

Dada,

Shikamoo. Ahsante kwa kunisamehe. Niliisoma barua yako chooni nikalia, kisha nikatoka nikaenda kumwambia Mkuu kila kitu kuhusu 231. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Aliandika tu kwenye daftari: chupa imepotea wakati wa kupokelewa. Akaweka jina langu. Tangu siku hiyo sipokei masanduku, nabandika lebo.

Umeuliza kama damu inaweza kukosea. Inaweza. Uvimbe mwingine, maambukizi, ujauzito, mambo mengi yanaweza kuipandisha kidogo. Ndiyo maana hatumwambii mtu anaumwa kwa sababu ya damu. Tunamwambia njoo tuangalie.

Lakini sasa hata sisi hatuelewi. Nakwambia hili kwa kunong'ona. Kuna chupa moja, namba 214, imepanda kuliko zote za kundi lile. Si kidogo, Dada. Mashine ilipotoa jibu tulidhani imeharibika. Mwenye kadi akaitwa, akapakwa siki, ile inayogeuza palipoharibika kuwa peupe, hakuna doa. Akaja daktari wa pili na kifaa cha kukuza, akaangalia, safi kama sahani iliyooshwa. Mkuu akatuamuru tuirudie chupa. Tukairudia mara tatu na imepanda vile vile. Sasa wakubwa wanasema kama kipimo kinaweza kupiga kelele hivi kwa mwanamke mzima wa afya, basi hakifai, na miaka miwili ya kazi yetu iende ikalale kabatini. Mkuu amenyamaza siku tatu. Mimi nabandika lebo na kujiuliza kama nimekuwa nikipima maji ya mvua.

Mama Vifungo anaendeleaje? Ameshakwenda?

Kitinda


Alhamisi, 3 Aprili

Kitinda,

Mama Vifungo amekwenda, ameangaliwa, yuko salama. Alirudi akiimba. Alinunua soda za meza nzima na ile sufuria amekuja kuichukua. Anasema damu yenu ni mwongo mkubwa, inafaa ipelekwe mahakamani. Karakana nzima sasa mtu akichelewa kazini anasingizia damu yake imepanda.

Nimefurahi. Ni rafiki yangu, kwa nini nisifurahi?

Hiyo chupa ya 214 itupeni. Kitu kimeshawasumbua watu hivyo mnakihifadhi cha nini? Ikishatupwa kila mtu atapumzika, na Mkuu wako ataanza kuongea.

Hapa hatujambo. Shemeji yako anakusalimu. Nina kazi nyingi.

Dada yako


Alhamisi, 17 Aprili

Dada,

Nimeirarua barua hii mara nne. Hii ya tano naipeleka hivyo hivyo ilivyo.

Hatukuitupa ile chupa. Mkuu aliamka siku moja akasema, kabla hatujalaumu kipimo tuhakikishe ni damu ya nani. Kituo kikaomba kadi ya kliniki ya mwenye namba 214, ile aliyokuwa nayo alipokuwa mjamzito, maana huandikwa kundi la damu. Kadi inasema kundi A. Mimi ndiye niliyeambiwa nipime chupa. Nikapima. Ni O hasi.

Unajua wenye damu hiyo ni wachache kiasi gani? Mama alipolazwa, watoto watano tulipimwa ili tumtolee damu, tukafaa wawili tu wenye O hasi kama yake, wewe na mimi. Ulinishika mkono kwenye lile benchi ukaniambia niangalie ukutani. Nilikuwa na miaka kumi na tisa.

Nimekaa na lile jibu, na mambo yote yakaanza kujipanga bila mimi kuyapanga. Chupa ya 231 haikupotea kwa sababu haikuwahi kuwepo. Mama Vifungo anaogopa sindano, na ndiye anayekaa meza moja nawe, na ameitwa, na yuko salama. Wewe ulirudi kwenye cherehani na pamba mkononi. Na mwenzako mmoja, wa umri kama wako, asiye na jina, anatokwa damu siku zisizo zake.

Dada, iliyomo kwenye chupa ya 214 ni damu ya nani?

Ulinisamehe! Hilo ndilo linalonichoma. Nilikuandikia nalia, nawe ukachukua kalamu ukanisamehe kosa ambalo sikulifanya, kwa moyo mweupe. Nimekasirika mpaka mikono inauma. Halafu hasira ikipungua nabaki na woga, na woga ni mbaya zaidi, kwa hiyo afadhali nikasirike.

Sijamwambia Mkuu ninachokidhani. Anajua tu chupa na kadi hazikubaliani. Namwambia nini, kwamba naijua damu hii kwa sababu ni ya nyumbani? Jumanne ya tarehe 29 nesi atakuwa kituoni tangu saa mbili asubuhi. Nenda. Sikuombi kama mdogo anavyoomba. Nakuambia.

Kitinda


Alhamisi, 24 Aprili

Mdogo wangu,

Ni yangu.

Ngoja nikueleze jinsi ilivyokuwa, halafu unihukumu. Hapa karakana tuna desturi ya kushikiana zamu. Mtoto wa mtu akiumwa, mwenzake anavaa beji yake na kukaa kwenye mashine yake, na kazi inahesabiwa kwa namba ya yule aliyeondoka. Msimamizi anajua na hajui. Nimewahi kushona siku tatu nikiwa mtu mwingine. Siku ile, 214 ilipoitwa, Mama Vifungo alikuwa anatapika nyuma ya marobota ya kitambaa. Akaniambia, “Nishikie zamu.” Nikachukua kadi yake nikaingia nyuma ya shuka. Sikufikiri. Ilikuwa kazi kama kazi nyingine.

Huo ndio ungekuwa uongo mdogo. Mkubwa ni huu. 231 ilipoitwa ningeweza kuingia tena nikatoa mkono wa pili. Badala yake nilipita mbele ya nesi nikaonyesha pamba, nikasema mimi nimeshatoa. Akaweka vema. Nikarudi mezani na mwili mwepesi, Kitinda, siwezi kukuficha. Damu yangu imekwenda kupimwa, na jibu lake halitakuja kwangu. Nilitaka kujua na sikutaka kujua, na siku ile nikayapata yote mawili.

Yule mwenzangu ni mimi, tangu mwezi wa sita mwaka jana. Mwanzo nilisema ni uchovu, kisha nikasema ni umri. Nimehamia kulala chumba cha mtoto, namwambia shemeji yako kwamba mtoto anaota vibaya. Nafua shuka kabla hawajaamka. Nimekuwa hodari wa mambo haya kama nimesomea.

Wala sikujua kwamba ataitwa Mama Vifungo! Yaani nilijua na sikujua, akili yangu siielewi. Bahasha ilipokuja nilimwona amekaa chini, na nikajua mara moja bahasha ile ni yangu. Wiki mbili alikuwa anakufa kwa ajili yangu, nami nimekaa meza moja naye namwambia habari za kura. Aliponipa sufuria niliipokea. Hilo likinijia nikiwa peke yangu naona aibu mpaka natoa sauti.

Sijui kama nitakwenda tarehe 29. Nakwambia kweli kwa sababu uongo umeniisha. Nikikaa hapa kwenye cherehani mimi ni mtu mzima mwenye kazi. Nikipanda kile kitanda sijui nitashuka nikiwa nani. Kumbuka Mama alivyoingia hospitali kwa miguu yake, akatoka amebebwa.

Usimwambie shemeji yako. Mengine fanya upendavyo.

Dada yako


Alhamisi, 8 Mei

Kwa Kitinda wa maabara,

Habari ya kazi. Hunijui kwa sura ila nadhani damu ya kwenu na kadi yangu zimeshakutana kwa njia za ajabu. Mimi ni yule wa vifungo.

Dada yako ameniambia. Alinisubiri Jumatatu ile wenzetu walipotoka kwenda kula, akaniambia yote akiwa amesimama, kama mtu anayesoma tangazo. Mwanzo sikumwelewa kabisa. Nikamwambia rudia. Aliporudia nikachukua furushi la suruali nikampiga nalo mgongoni, nikampiga tena, halafu nikamkumbatia na suruali zenyewe katikati. Nilikuwa na hasira kwa ajili ya wanangu, maana nilishawafundisha kupika. Wana miaka tisa na wanajua kusonga ugali na kujifungia mlango, yote kwa sababu ya uongo wa mama huyu. Lakini ukitazama vizuri uongo tuliuanza wawili. Nani alimpa kadi?

Jumanne nikampeleka mimi. Njiani alikumbuka ghafla mambo mengi, pasi hajaizima, ufunguo hauonekani, mara amekumbuka mteja. Nilimshika kwapa tukaendelea. Kwenye benchi akaanza kutetemeka, na mimi sipendi kuona mtu mzima anatetemeka, nikamfuata nesi nikamwambia kwa sauti ndogo, mama, huyu mwenzangu hawezi leo, je naweza kupanda mimi kwa niaba yake? Kwa kweli niliuliza. Sijui nilikuwa nafikiri nini. Nesi akanirudisha kwenye benchi akasema, “Mama, zamu hii haishikiwi.”

Basi akaingia. Alipoulizwa jina alilitaja kwa nguvu mpaka tuliokuwa nje tukalisikia. Nesi aliweka siki, akamwita daktari. Nilijua, maana kwangu hakumwita mtu haraka vile. Wamekata kinyama kidogo kipelekwe kupimwa. Majibu wiki tatu. Dada yako anashona tu, hasemi. Nimemwambia akitaka kulia alie, msimamizi nitamnyamazisha mimi.

Ile sufuria nimempelekea tena. Amekataa. Tunaigombania mpaka leo.

Samahani kwa kuharibu kipimo chenu.

Mama Vifungo


Alhamisi, 15 Mei

Dada,

Shikamoo. Mama Vifungo ameniandikia. Nimeisoma barua yake nikacheka na kulia kwa pamoja, sikuweza kuvitenganisha.

Nimemweleza Mkuu. Nilidhani nitarudishwa nyumbani. Alivua miwani, akaifuta, akauliza, “Mgonjwa amekwenda?” Nikasema amekwenda. Akalifungua lile daftari, akalikata jina langu kwa mstari, akaandika kwamba damu ya 214 haikuwa ya 214. Basi. Kesho yake alinirudisha kwenye masanduku.

Usidhani sasa tunajua kila kitu. Wakubwa wanauliza, kama chupa moja ilikuwa na mtu mwingine ndani yake, ni ngapi nyingine? Manesi wametumwa kuuliza tena karakana zote. Na katika walioitwa kwa kura yumo mmoja aliyekutwa na ugonjwa huku damu yake imetulia kabisa, na wapo kadhaa ambao damu ilipanda na hawana kitu. Damu yako ilisema kweli. Kwa nini ya yule wa kura ikanyamaza, hakuna anayejua. Nakwambia ili usiigeuze chupa ile kuwa nabii. Na kupanda kwake hakutuambii kama ugonjwa umefika mbali au la. Nimeuliza watu wanne, wote wananipa jibu lile lile, tungoje kile kinyama.

Mkuu alisema pia unapaswa kumwambia mumeo kabla ya majibu. Nilimjibu haijui nyumba yenu. Lakini usiku ule nilifikiri, labda na mimi siijui. Mwambie, Dada.

Kitinda


Alhamisi, 19 Juni

Kitinda mpenzi,

Naandikia kitandani, wodi ya pili, dirisha la mwisho. Mkono unachoka kwa hiyo vumilia mwandiko.

Ulikuja ukanikuta sijitambui, nimeambiwa. Mama Vifungo anasema ulisimama miguuni mwa kitanda ukasoma kila karatasi iliyotundikwa, kisha ukaipiga busu soksi yangu. Mengine unayajua: ilikuwa ni saratani kweli, na wamekitoa kizazi na vitezi vya pembeni, zile tezi ndogo ambazo ugonjwa hupitia ukienea, tukaambiwa tungoje vitezi vipimwe ili ijulikane kama imevuka. Siku kumi za kungoja. Wewe ulirudi kazini, kwa hiyo haya ya chini huyajui.

Sikumwambia shemeji yako kabla. Nilishindwa. Nilimwambia siku ile ya kulazwa, asubuhi, mlangoni, na mfuko mkononi. Nikasema, naumwa huku chini tangu mwaka jana, wanakwenda kunipasua. Akachukua mfuko, akatangulia. Njia nzima kimya. Nikasema haya, ndiyo hivyo, mtu amekasirika na ana haki.

Siku ya tatu baada ya operesheni alikuja peke yake, akakaa kwenye hicho kiti cha plastiki. Kisha akaniuliza, “Kwa hiyo ulihamia kwa mtoto kwa sababu ya damu?” Nikasema ndiyo. “Na kufua alfajiri?” Ndiyo. Halafu akasema, “Mimi nilijua umenichoka.”

Mwaka mzima, Kitinda. Alidhani kuna mtu mwingine. Alidhani nafua alfajiri ili niwahi kutoka. Alishaanza kufikiria jinsi ya kuniachia nyumba bila watoto kuona ugomvi, hata alishamuuliza kaka yake kama ana chumba. Nami nilikuwa namtazama namna alivyokuwa mpole, nikasema moyoni, afadhali, hajagundua. Tulikuwa nyumba moja, kila mmoja anamlilia mwenzake ukuta wa pili. Nilimwambia yeye mjinga, akaniambia mimi mjinga zaidi. Akalia mpaka nesi akaja mbio akidhani nimekata roho.

Leo asubuhi daktari amepita na karatasi. Shemeji yako alikuwa hapa, ananimenyea yai. Daktari akasema vitezi vyote ni safi, haikuvuka, nitakuwa narudi kuangaliwa kila miezi mitatu. Mimi sikuelewa nijisikie vipi. Nilikuwa nimejiandaa kwa jibu lingine muda mrefu sana, na hili sikulipangia pa kukaa. Nikamtazama shemeji yako ili nijue. Alikuwa ameliponda yai lote mkononi. Akamwomba daktari arudie. Daktari akarudia. Akamwomba arudie tena.

Dada yako